Walinzi wa Mchana Kweupe

Tulimwacha Fundi amesimama mbele ya meza ya Inspekta, mkono umezama ndani ya kizibao cha njano, kidole chake kimekwama. Wiki nzima kimekwama hapo. Leo tukitoe.

Kilichokizuia ni kipande cha kitambaa. Kipande chembamba, urefu wa kiganja, kilichoungwa chini ya kwapa la kushoto. Mtu mwingine angekipapasa na asikijue. Fundi alikijua kama anavyojua meno ya watoto wake. Katika vizibao kumi na viwili alivyowashonea walinzi wa mtaa, kipande hicho alikitia kwenye kimoja tu, kwa kuwa tumbo moja tu lilikataa kuenea.

Na tumbo hilo lilikuwa limesimama nyuma yake, likipumua.

"Umeona nini, mama?" Inspekta aliuliza.

Fundi alikigeuza kizibao. Mgongoni mwa kizibao palikuwa na namba saba, namba ya mumewe. Kwapani palikuwa na Kamanda. Na Kamanda, kabla hajawa Kamanda wa mtu yeyote, alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa.

Mumewe, fundi viatu, alikuwa benchini, pingu mikononi, macho sakafuni. Tangu walipomkamata jana jioni hajafungua mdomo. Aliulizwa alikuwa wapi jana saa nne asubuhi, duka la simu lilipokombwa. Akanyamaza. Akaulizwa tena. Akaomba maji.

Nje, gari la makao makuu lilikuwa linangoja. Saa sita kamili linaondoka, na mwenye pingu anaondoka nalo.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na robo.

Hapa, kwa ajili ya aliyejiunga nasi leo, lazima niwaeleze walinzi hawa. Nitafanya kwa ufupi, maana kirefu hawajakistahili.

Walikuwa kumi na wawili, wote wamejitolea kuwasaidia polisi kulinda amani ya mji. Kikao cha kwanza waligawana vyeo. Vyeo vikapatikana kumi na vinne, hivyo wawili wakabeba viwili viwili. Kikao cha pili walipanga saa za doria, wakapitisha kwa kauli moja kwamba doria ianze saa nne asubuhi na kuisha saa kumi jioni, kwa sababu usiku, kama alivyofafanua Kamanda, kuna wahalifu. Kikao cha tatu walianza kujifunza saluti. Hawajamaliza mpaka leo.

Jana Kamanda aliamuru wenye maduka wote watoke waende uwanjani kushangilia mazoezi ya saluti. Wakatoka, wakashangilia. Waliporudi, duka la simu lilikuwa jeupe, na kwenye bawaba ya dirisha la nyuma kulikuwa kumenasa kizibao.

Hao ndio walinzi. Tuendelee.

"Inspekta," Fundi alisema, "hii namba sikuishona mimi."

"Si ulisema vizibao umeshona wewe?"

"Kizibao, ndiyo. Namba hii, hapana. Mimi nashona kwa cherehani, mshono unakwenda kama mstari wa rula. Hebu tazama hapa. Huu ni mshono wa mkono. Uzi mnene, umepakwa nta, na kila baada ya hatua tatu umepigwa fundo. Mtu amefumua namba iliyokuwapo akashonea hii."

Inspekta aliinama. Walinzi waliopangwa ukutani nao wakainama, ingawa hawakuambiwa.

Fundi alijua mshono ule unashonwa na nani. Unashonwa na mafundi magodoro. Na Kamanda, kabla hajagundua kwamba filimbi ni nyepesi kuliko sindano, alishona magodoro miaka kumi na tisa.

Alikuwa anavuta pumzi aseme hivyo, Kamanda akamtangulia.

"Vizuri sana, shemeji! Uzi mnene wa nta. Jamani, nani mtaani kwetu anatumia uzi mnene wa nta kila siku ya Mungu?" Akanyoosha kirungu chake kuelekea benchini. "Fundi viatu!"

Chumba kikaguna. Fundi akautazama tena ule mshono. Ni kweli. Uzi wa nta ulikuwa umejaa nyumbani kwake, unaokotwa mpaka kwenye sufuria.

"Mama," Inspekta alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga jalada, "umetusaidia kuliko ulivyokusudia."

"Ahsante sana, shemeji," Kamanda aliongeza. "Familia ni familia, lakini sheria ni sheria."

Kinyozi, ambaye kwenye doria alikuwa Mkuu wa Upelelezi na pia Msaidizi wa Mkuu wa Upelelezi, alipiga makofi mawili. Alipoona yuko peke yake akaanza kujikuna kiganja.

Fundi aligeuka. Akamtazama Kamanda kuanzia kofia mpaka viatu, taratibu, kama anavyomtazama mteja kabla ya kumpima.

"Shemeji, leo mbona kizibao hujakifunga?"

"Joto."

"Jana kulikuwa na joto zaidi. Uwanjani ulikifunga mpaka shingoni."

"Shemeji, usituchoshe. Gari linangoja."

"Kifunge tu, nione."

"Inspekta, huyu mwanamke ananivua heshima mbele ya vijana wangu!"

"Ameomba ukivae vizuri, hajaomba ukivue," Inspekta alisema. "Funga."

Kamanda akashika kifungo cha juu. Kikaingia. Akashika cha pili. Akavuta pumzi, akaifungia ndani, uso ukaanza kubadilika rangi. Cha pili kikaingia. Cha tatu akakifuata kwa vidole viwili, ulimi nje pembeni ya mdomo, walinzi wote wakimsaidia kwa macho. Kikaingia nusu.

Halafu Kamanda akakosea. Akapumua.

Kifungo kiliruka, kikagonga kikombe cha chai cha Inspekta, tii, kikadondoka ndani.

Hakuna aliyecheka. Kwa muda kama wa kuhesabu mpaka tatu hakuna aliyecheka. Halafu kinyozi akashindwa, na ukuta mzima ukashindwa naye.

"Cha Kamanda nilikitia kipande hapa kwapani," Fundi alisema, bila kupaza sauti, "ili afunge. Kipande ninacho mkononi. Kizibao hiki kimeandikwa saba, lakini ni cha Kamanda. Hicho alichovaa kimeandikwa moja, lakini nilikipima kwa kifua cha mume wangu."

"Uongo! Nimenenepa!"

"Tangu jana?"

"Nanenepa upesi. Kwetu sote tuko hivyo. Halafu vizibao hivi, Inspekta, vinatundikwa ofisini, vinachanganyika. Nani ana ushahidi kwamba kilichonasa dirishani si namba saba? Nani?"

Inspekta alikuwa ameinamia kikombe. Alikuwa anatoa kifungo kwenye chai kwa kijiko. Fundi akaona jambo usoni mwake ambalo hakulipenda: uchovu. Mbele yake kulikuwa na mwanamke anayemtetea mumewe na mwanamume anayejitetea mwenyewe, na saa inakwenda.

Saa tano na dakika ishirini na tano.

Fundi akatafuta kwa macho chumba kizima. Pembeni kabisa, nyuma ya kabati la majalada, alikuwa ameketi Karani wa doria na daftari lake magotini.

Karani huyu ndiye waliyekuwa wakimcheka. Mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa waya, haachi kuandika. Mbwa akipita, anaandika. Mtu akipiga chafya doriani, anaandika saa na mwelekeo. Kamanda alimwita Bwana Wino. Kinyozi aliwahi kutumia kurasa mbili za daftari lake kufutia wembe, na Karani akaandika kwamba zimetumika.

"Karani," Fundi alisema. "Hilo daftari lina habari za jana?"

Karani aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo hajalisikia siku nyingi.

"Lina za siku zote, Fundi."

"Naomba utusomee."

Kamanda akacheka. "Tusomewe nini? Mbwa wangapi wamepita? Inspekta, tafadhali."

"Soma," Inspekta alisema.

Karani akasimama. Akarekebisha waya wa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo:

"Saa nne kamili. Mazoezi ya saluti. Kamanda amenikabidhi kusimamia, yeye ameondoka kwenda kukagua mazingira. Namba saba hakufika. Saa nne na dakika thelathini na tano. Kamanda amerudi kutoka mazingira. Anahema. Hana kizibao. Nimemuuliza. Amenijibu nishike adabu yangu."

"Wee!" Kamanda alifoka.

"Saa nne na dakika arobaini. Kimeokotwa kizibao kimoja dirishani, duka la simu. Rangi njano. Namba moja."

Kijiko cha Inspekta kikasimama ndani ya kikombe.

"Rudia," Inspekta alisema.

"Namba moja. Saa tano kamili. Kidhibiti, yaani hicho kizibao, kimechukuliwa na Kamanda kwa ajili ya usalama wake. Saa tisa alasiri. Kidhibiti kimerudishwa na Kamanda. Namba saba." Karani akafunga daftari. "Ni hayo tu ya jana. Kuna mbwa pia."

"Kwa nini hukusema?" Inspekta aliuliza kwa ukali.

"Niliandika, afande. Kila Ijumaa naleta daftari hapa kituoni mlisaini. Mnasaini."

Inspekta akawa na kazi ya ghafla na kijiko chake.

Karani akaomba ruhusa ya kwenda msalani. Akapewa. Akatoka na daftari lake kwapani, na hakuna aliyemtazama, kama kawaida.

Wote walikuwa wanamtazama Kamanda, ambaye alikuwa ameketi bila kuambiwa.

"Sikuiba," alisema. Kofia alikuwa ameivua. Bila kofia alikuwa mtu mfupi. "Haki ya Mungu sikuiba. Nilihifadhi."

"Dirishani?"

"Inspekta, wewe mwenyewe ulisema! Ulisema miezi mitano hatujaleta tukio hata moja, mwezi ujao unakivunja kikundi. Na Mkuu wa Polisi anakuja Jumamosi. Nikasema, tupate tukio moja. Dogo. Siku ya Jumamosi nizitoe simu mbele yake, tupigiwe makofi, mambo yaishe. Nani angeumia?"

Fundi alinyoosha mkono kuelekea benchini. "Huyu."

"Kizibao kilinasa, shemeji! Ningefanya nini? Ilibidi kiwe cha mtu!"

Angalia mtu huyo, msomaji. Miezi mitano mji ulikaa kwa amani, na mlinzi wa amani akaona hilo ni janga.

"Lakini huyo mumeo unayemlilia," Kamanda aliendelea, akikusanya tena sauti yake ya gwaride, "muulize! Saa nne alikuwa wapi? Kama hana lake jambo, kwa nini amekaa kama jiwe tangu jana?"

Fundi alikwenda mpaka benchini. Akachutama mbele ya mumewe.

"Baba Pacha. Ulikuwa wapi?"

Fundi viatu alizungusha pingu mikononi. Alipozungumza, sauti ilikuwa kavu.

"Doriani."

"Doria gani? Wote walikuwa uwanjani."

"Ndiyo. Nikaona watu wote wameitwa uwanjani, maduka yako wazi, nani analinda? Nikapita nyuma ya maduka peke yangu. Nikaona miguu."

"Miguu?"

"Dirishani. Mtu amekwama tumboni, miguu inapiga hewa. Nikataka kupiga filimbi. Halafu nikaona viatu." Akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza. "Viatu vile nilivitia soli mimi wiki iliyopita."

Kamanda aliificha miguu yake chini ya kiti.

"Ukanyamaza," Fundi alisema.

"Ni mume wa dada yako. Ningesema nini? Niende nikamwambie dada yako kwamba nimemfunga mumewe?"

"Na mimi nani angeniambia, Baba Pacha? Pacha ningewaambia nini? Kwamba baba yao yuko gerezani kwa ajili ya soli?"

Mumewe akarudisha macho sakafuni. Fundi alisimama, kwa sababu akiendelea kuchutama angelia, na kulia hakukuwa kwenye ratiba yake ya siku.

"Mfungulie, Inspekta."

Inspekta alitoa funguo mfukoni. Akazitazama. Akazirudisha.

"Mama, nikuambie ukweli. Nina kizibao, nina kifungo kwenye chai, nina daftari, na nina shemeji wawili wanaotuhumiana. Wakili yeyote atanicheka. Nipe simu zenyewe na mumeo anakwenda nyumbani sasa hivi. Bila simu, saa sita nawapakia wote wawili, hakimu atachagua."

Wote wakamgeukia Kamanda.

"Ziko salama," Kamanda alinong'ona. "Nyumbani. Zote arobaini na moja. Nimezishonea ndani ya godoro."

"Godoro gani?"

"Tunalolalia."

Kabla Inspekta hajapaza sauti kumwita askari, mlango ulisukumwa ukagonga ukuta. Aliyeingia hakuwa askari. Alikuwa dada yake Fundi, mke wa Kamanda, ambaye nyumba yake ipo nyuma tu ya kituo, khanga imefungwa upande, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Upo hapa! Wewe mwanamume, lile godoro umelitia nini?"

"Mama, tulia..." Kamanda alianza.

"Nitulie? Usiku kucha godoro linalia! Ngriii, ngriii, chini ya mbavu zangu! Nakuuliza, unaniambia ni tumbo lako! Nimekupikia uji saa nane za usiku kwa ajili ya tumbo lako! Leo asubuhi umeondoka na tumbo lako, na godoro bado linalia!"

Kinyozi alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika.

Fundi akamshika dada yake mikono yote miwili. "Dada. Godoro liko wapi sasa?"

"Si mmeagiza lichukuliwe?"

"Nani kaagiza?"

"Mdogo wangu, usinichanganye. Amekuja kijana wenu na bajaji ya mizigo, kama robo saa hivi. Kaniambia Kamanda amesema godoro likatengenezwe. Nikasema heri, lichukueni, nilale. Tena mstaarabu, kaniandikia na hati." Akafunua pindo la khanga, akatoa karatasi iliyochanwa kwa rula, ukingo wake umenyooka.

*Godoro moja, kubwa, limepokelewa. Linalia.*

Fundi alisoma mara mbili. Mwandiko ulikuwa mdogo, safi, umelala upande mmoja. Akageuka kuangalia nyuma ya kabati la majalada. Kiti kilikuwa kitupu. Msalani hakuna mtu anayekwenda na daftari.

Walinzi tisa waliobaki wakatazamana. Kisha wakafanya kile walichofundishwa: wote kwa pamoja wakapuliza filimbi, ndani ya chumba, na hakuna aliyetoka.

"Nyamazeni!" Inspekta alipiga meza. "Amekwenda upande gani? Bajaji rangi gani?"

"Rangi ya bajaji," dada mtu alisema.

Saa tano na dakika hamsini. Nje, dereva wa gari la makao makuu aliwasha injini ili kuipasha moto. Mumewe Fundi alisikia, akasimama mwenyewe, akajipangusa suruali kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Fundi alikataa kumtazama. Alikuwa anafikiri, na akifikiri hutaka kitu mkononi, hivyo alikuwa anaikunja na kuikunjua ile hati.

"Inspekta. Godoro lilikuwa linalia kwa sababu mtu alikuwa anapiga. Nani alikuwa anapiga?"

"Mwenye duka. Simu yake mwenyewe iliibiwa pamoja na zile nyingine. Ameandika kwenye maelezo, ameipiga mara hamsini, inaita haipokelewi."

"Na ninyi mmeipiga?"

Inspekta alimtazama msaidizi wake. Msaidizi alitazama dari.

Usiku mzima na nusu siku simu ya wizi ilikuwa inaita, na katika jengo lenye simu nne hakuna aliyeona haja ya kuipiga. Namba ilikuwa hapo, ukurasa wa kwanza wa jalada, imepigiwa mstari.

"Ipige," Fundi alisema. "Weka kwa sauti."

Inspekta akabonyeza namba moja moja, akaweka simu mezani katikati ya kifungo na kikombe. Ikaita. Ikaita tena. Dada mtu, kwa mazoea, akajishika mbavu. Ikaita mara ya tano.

Ikapokelewa.

Kulikuwa na mngurumo wa bajaji, upepo, na sauti ya karatasi ikigeuzwa.

"Ofisi ya doria," ilisema sauti ya Karani, tulivu kama siku zote. "Saa tano na dakika hamsini na mbili. Nani anapiga?"

"Sikiliza wewe!" Inspekta alinguruma. "Hapa ni..."

"Siyo wewe, afande. Wewe unasaini tu." Karatasi ikageuzwa tena. "Mpe simu Fundi. Miezi mitano naandika, yeye ni mtu wa kwanza kuniomba nisome. Nitazungumza naye peke yake. Na aniambie kwanza kama mumewe bado ana pingu, kwa sababu kuna ukurasa mmoja sikuusoma pale, na ukurasa huo haumhusu Kamanda."

Rangi ilimtoka Inspekta usoni. Mkono wake ukaruka kuelekea kitufe cha kukata simu.

Mkono wa Fundi ulifika kwanza.